Kila Jumatatu sauti imekauka: niende kwenye majaribio ya opera au niache?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Muyeye, Malindi. Naimba kwaya ya kanisa tangu nikiwa darasa la nne: mazoezi Jumatano jioni, misa mbili Jumapili. Kwa miaka miwili sasa naimba hotelini pia, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kwa muda wa saa tatu kila usiku: taarabu, chakacha na zile za watalii. Kuna mama wa Kiitaliano, mstaafu, ananifundisha opera bure kila Alhamisi mchana. Tulituma video kwa kampuni moja ya opera ya mkoa huko ng'ambo, nikaitwa majaribio ya ana kwa ana ya programu yao ya wasanii chipukizi. Imebaki miezi minne. Shida ni kwamba kwa miezi mitano sasa, kila Jumatatu naamka sauti imekauka, mpaka Jumatano ndiyo inarudi. Kiongozi wa bendi anasema opera ndiyo inaniharibu. Mama anasema mimi ni soprano, ile sauti ya juu ya kike, niimbe aria kubwa, yaani wimbo wa mtu mmoja, ya opera ya Madama Butterfly. Mwalimu wa Nairobi ameona video akasema mimi ni mezosoprano, sauti ya chini kidogo ya hiyo. Nakunywa mayai mabichi na asali kila usiku. Je, niende? Na nikienda, sauti yangu ya taarabu itakufa?"

Marahaba, mwanangu, na hongera. Kuitwa ana kwa ana kwa sababu ya video iliyopigwa sebuleni kwa mtu si jambo dogo, na naona umeliandika haraka haraka kana kwamba unaona haya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Hotelini ni saa tisa kwa wiki. Kwaya, tukihesabu mazoezi na misa zote mbili, haikosi saa nne au tano. Opera ni saa moja, mchana, kwenye sebule tulivu, na piano. Kisha Jumatatu sauti inakauka na anayekamatwa ni ile saa moja ya Alhamisi. Kiongozi wako wa bendi simshangai sana. Kitu kikipotea nyumbani, wa kwanza kutazamwa ni mgeni.

Ngoja nikueleze kinachotokea huko ndani, maana ukishakiona hutahitaji mimi wala yeye kukuamulia. Kwenye kikoromeo mna mikunjo miwili ya nyama laini. Tumezoea kuiita nyuzi za sauti, na jina hilo linawafanya watu wadhani ni kama nyuzi za gita. Za mwanamke mzima ni fupi kuliko upana wa kidole gumba. Ukivuta pumzi zinaachana. Ukiimba zinakutana, na pumzi inayopanda inazitikisa zigongane na kuachana. Ile nota ambayo okestra hulinganishia vyombo, inayoitwa "la", ya 440, maana yake ni kugongana mara 440 kwa sekunde moja. Dakika moja ya nota hiyo ni migongano 26,400. Sasa piga makofi kwa nguvu dakika tano uangalie viganja vyako. Vitakuwa vyekundu na vimejaa. Nyuzi zako nazo ni hivyo hivyo: zikivimba hazifungi sawasawa, hewa inavuja katikati, unasikia mkwaruzo, na kwa kuwa zimekuwa nene, nota za juu zikiimbwa kwa upole ndizo za kwanza kukukimbia.

Uvimbe huo hushuka ukipumzika. Ndiyo maana Jumatano unajiona mzima. Halafu Jumatano hiyo hiyo jioni unakwenda mazoezi ya kwaya, na Alhamisi usiku uko hotelini. Uvimbe ukirudiwa mahali pale pale kabla haujaisha, hugeuka kitu kinachofanana na sugu ya kiganja cha mpiga makasia. Ndivyo vinundu vya sauti huanza. Sisemi unavyo. Nasema wiki yako imepangwa kama ya mtu anayevitafuta.

Kwa nini hasa hotelini, na taarabu haina makelele? Kosa si la taarabu. Nilipolala Malindi safari iliyopita nilikaa kusikiliza bendi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na huenda siyo yenu. Spika mbili kubwa zilielekezwa kwenye meza za wageni. Kinanda kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho, jenereta inanguruma nyuma ya jiko. Mwimbaji, binti wa rika lako, alisimama nyuma ya spika hizo, maiki mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili amekitia sikioni. Alikuwa hajisikii. Mishipa ya shingo ilisimama kama kamba za jahazi. Wageni walimpigia makofi, na kweli aliimba vizuri, lakini mimi nilikuwa naangalia shingo.

Mtu asipojisikia hupandisha sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwaka 1911, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Huwezi kulishinda kwa kujiambia "leo sitapiga kelele", kwa sababu halipiti kwenye uamuzi wako. Linashindwa kwa kuhamisha vifaa. Omba spika ndogo iwekwe sakafuni ikikutazama wewe. Omba kinanda kishushwe. Wakikuambia hakuna spika ya tatu, nunua vile vizibo laini vya masikio duka la dawa, uzibe sikio moja: utaisikia sauti yako kupitia mifupa ya kichwa, na utashangaa jinsi unavyotulia. Bei yake haifiki ya sahani ya biriani.

Sasa mayai. Mwanangu, chochote unachokimeza hakigusi nyuzi za sauti. Chakula kina njia yake na pumzi ina yake, na unapomeza, njia ya pumzi hufungwa. Yai au asali ingefika kwenye nyuzi, ungepaliwa. Asali na tangawizi hutuliza koo juu, unajisikia nafuu, na sina ugomvi navyo. Yai bichi lina hatari ya kukuumiza tumbo bila faida yoyote, liache. Maji husaidia, lakini kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo maji ya kukufaa saa mbili usiku ni yale uliyoyanywa tangu mchana. Madafu pia yanafaa. Kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni mvuke tu. Na kunong'ona Jumatatu ukidhani unaipumzisha sauti, acha: wengi wakinong'ona hukaza koo zaidi kuliko wakiongea polepole. Nyamaza kabisa, au ongea kwa sauti yako ya kawaida, maneno machache.

Ulitaja kuwa unakunywa hayo "kila usiku", nami nikajiuliza unakula saa ngapi. Waimbaji wa hotelini wengi ninaowajua hula baada ya kazi, saa sita usiku, viazi karai na achari ya ndimu, kisha kitandani. Asidi ya tumbo hupanda ukilala, na asubuhi koo limechomeka. Kama ndivyo ulivyo, kula kabla ya kazi, na baada yake kitu chepesi tu.

Dawa ya kutuliza maumivu kabla ya kuimba, hasa aspirini, usiizoee. Inapunguza uwezo wa damu kuganda, na mshipa mdogo ukipasuka kwenye uzi wa sauti ukiwa katikati ya wimbo, hata huo mwezi wa majaribio hutauona. Mimi nilipokuwa na miaka 26 nilikuwa na tamasha la mji mmoja sitaupa jina, na koo likiniuma. Aliyekuwa akituongoza alinipa vidonge viwili, nikaimba vizuri kupita siku zote. Kesho yake sikuweza kumwita mtoto aliyekuwa chumba cha pili. Nilinyamaza wiki tatu, na mwaka mzima sikuiamini nota yoyote ya juu.

Kitu cha kufanya badala yake ni cha bei ya mrija. Jaza maji nusu glasi, tumbukiza mrija vidole viwili ndani ya maji, ziba midomo kuuzunguka, uimbe "uuu" ndani yake, ukipanda na kushuka taratibu. Mapovu yatoke sawasawa bila kurukaruka. Maji yanasukuma pumzi irudi nyuma kidogo, na msukumo huo unazisaidia nyuzi kukutana kwa upole. Dakika tano kabla ya kazi, dakika tano baada yake. Wenzako watakucheka wakikuona unapuliza mapovu nyuma ya jukwaa. Waache.

Hata ukifanya yote hayo, nataka uonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na nataka iwe mwezi huu. Kwa mtu anayeishi kwa sauti, mkwaruzo uliokaa wiki mbili mfululizo, au unaorudi kila wiki kwa miezi mitano kama wako, haufai kukisiwa kwa barua. Anza na hospitali ya hapo Malindi wakupe barua ya rufaa ya Mombasa. Mwambie daktari kwa maneno haya: "Mimi ni mwimbaji, naomba uziangalie nyuzi za sauti kwa kamera." Kamera ni mrija mwembamba unaopita puani, unasumbua, lakini hauchukui muda. Wakiwa na ule mwanga unaomulika kwa vipindi, ni bora zaidi, kwa sababu unaonyesha nyuzi zikitikisika. Wakikuta vinundu, usilie na usikubali haraka kisu: vinundu vya mwimbaji kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mazoezi ya sauti na mtaalamu wa usemi. Na usingoje miadi kama sauti imekatika ghafla ukiimba, umetema damu, kumeza kunauma au pumzi inakuwa nzito. Siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye ugomvi wa soprano na mezosoprano. Walimu wako wawili huenda wote wanasikia kweli. Aina ya sauti haijulikani kwa nota ya juu kabisa unayoifikia. Mkwezi hufika kilele cha mnazi, lakini halali huko. Swali ni wapi unaweza kukaa dakika kumi bila kuchoka, wapi sauti ina rangi yake, na wapi inapogeuka kutoka sauti ya kifua kwenda ya kichwa. Kwa miaka 24, na kwa sauti iliyovimba nusu ya wiki, hakuna anayeweza kukupa jibu la mwisho. Uvimbe peke yake unatosha kumfanya soprano asikike kama mezo. Grace Bumbry, Mmarekani mweusi wa kwanza kuimba kwenye tamasha la opera la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1961, alianza kama mezosoprano na baadaye akaimba majukumu makubwa ya soprano. Hakuna aliyemnyang'anya kazi kwa kubadilika.

Ila kwenye Butterfly nasimama na mwalimu wa Nairobi, hata kama hakusema hivyo. Mtunzi wake, Mwitaliano Puccini, aliitoa mwaka 1904. Katika hadithi Butterfly ni msichana wa miaka 15, na hapo ndipo wasichana hudanganyika. Uhusika wenyewe huimbwa na wanawake waliokomaa: akishaingia haondoki jukwaani kwa muda mrefu, na chini yake kuna okestra nzito inayopanda pamoja naye. Jopo likimsikia binti wa miaka 24 akianza na aria hiyo, halisemi "ana moyo". Linajiuliza ni nani anayemshauri. Mwambie mama yule kwa heshima, maana ameonyesha ukarimu mkubwa, kwamba Butterfly itakusubiri miaka kumi.

Imba Zerlina, kutoka Don Giovanni, opera ya Mozart. Ni msichana wa kijijini siku ya harusi yake, na huimbwa na soprano na pia na mezosoprano wepesi. Hulazimiki kuchagua kabila kabla hujajijua. Ongeza Cherubino wa Le nozze di Figaro, ya Mozart pia, mvulana anayeimbwa na mwanamke, naye huimbwa na sauti zote mbili. Majaribio mengi huomba aria nne au tano za lugha tofauti. Ya kwanza unachagua wewe, ya pili wanachagua wao. Wakikukatiza katikati usivunjike moyo. Wameshasikia walichotaka na foleni ni ndefu.

Na kwenye lugha una mtaji usioujua. Irabu za Kiswahili ni safi: a ni a mwanzo hadi mwisho, haitelezi. Wenzako wanaotoka kwenye Kiingereza hutumia miaka kuzisafisha irabu zao. "Kh" ya kheri itakusaidia kwenye Kijerumani. Penye mtego ni konsonanti za kurudia za Kiitaliano, maana sisi hatuna. "Caro" ni mpenzi. "Carro" ni mkokoteni. Usimwimbie mtu mkokoteni wangu. Pia Kiitaliano cha ufukweni, hata kiwe chepesi namna gani, si cha kuimbia. Muombe mama akusomee maneno polepole na wewe uyarudie bila muziki.

Programu yenyewe, nadhani unaifikiria kama chuo. Ni uanagenzi. Santa Fe Opera ya Marekani ilipoanzisha yake mwaka 1957 iliiita hivyo hivyo, programu ya wanagenzi. Nyumba kubwa zina zake, Metropolitan ya New York tangu 1980, Royal Opera House ya London tangu 2001, na barani kwetu Cape Town Opera ina ya kwake. Kampuni ya mkoa ina watu wachache, kwa hiyo mwanagenzi hufanya mengi. Utaimba uhusika mdogo wa mjumbe au yaya. Utajiunga na kwaya. Utakuwa mbadala: unajifunza uhusika mzima wa mtu mwingine, kila neno, kisha unakaa ukingoja augue, na pengine hatagua. Asubuhi mtapanda gari na mapazia yenu kwenda kuimba shuleni saa tatu, kwenye ukumbi wa chakula, mbele ya watoto mia mbili waliokuwa wanataka kwenda kucheza. Mchana mazoezi, jioni onyesho. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye hesabu ya wiki yako. Huko saa zitakuwa nyingi kuliko za hotelini, na mtu anayekauka kila Jumatatu atajulikana wiki ya pili.

Tofauti ni kwamba huko utakuwa unaimba bila maiki kwa njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Watu hudhani opera ni kupiga kelele kwa mpangilio. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mitikisiko ya karibu 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundwa hutengeneza mng'ao wa karibu 3,000, mahali ambapo okestra imelegea na sikio la binadamu ni kali. Msweden Johan Sundberg alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwimbaji hufanya hivyo kwa kulipatia koo umbo, nafasi pana juu na njia nyembamba pale karibu na nyuzi, bila kuongeza nguvu ya mgongano. Mwadhini wa zamani, kabla ya vipaza sauti, aliyesikika hadi bandarini bila kukauka, alikuwa na kitu cha jamii hiyo.

Kwa hiyo taarabu haifi. Malindi mtu mmoja anauza vinyago kwa Kiitaliano, anagombana kwa Kigiriama na kuposa kwa Kiswahili, na hakuna lugha iliyomla mwenzake. Koo lako linaweza hivyo hivyo: taarabu ina sauti ya mbele, karibu na pua, na mapambo madogo madogo, maiki ikiwa mdomoni, opera inataka koo lililofunguka. Kinachotokea mwanzoni ni lafudhi kuingiliana ukiwa umechoka. Usiimbe zote mbili siku moja. Alhamisi yako, somo mchana na hoteli usiku, ndiyo siku mbaya kuliko zote. Hamisha somo liwe Jumanne, hata kama wiki za mwanzo utafika umekauka na mtasoma maneno tu.

Niende au niache? Nenda, ikiwa daktari atakuruhusu. Kuanzia sasa punguza hoteli ibaki usiku mmoja kwa wiki, na mwezi wa mwisho iache kabisa. Najua hiyo ni pesa ya unga na kodi, sisemi kirahisi. Kama haiwezekani, basi punguza kwaya: mwambie mwalimu wa kwaya unaimba misa moja tu. Kama daktari atakuta kitu, iandikie kampuni mapema, uombe majaribio yajayo. Wanapokea barua za namna hiyo kila mwaka, na wanamheshimu mwimbaji anayeijua sauti yake. Wala hutakuwa umechelewa. Pretty Yende, mtoto wa Piet Retief, Afrika Kusini, alisoma kwanza Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akaenda kwenye akademia ya La Scala, nyumba ya opera ya Milan, Italia. Alikuwa na miaka 27 alipoimba Metropolitan kwa mara ya kwanza, mwaka 2013. Miezi sita au mwaka ukiutumia Nairobi, Kenya Conservatoire of Music au kwa mwalimu wa kila wiki, hautakuwa mwaka uliopotea.

Kabla ya kukata tiketi waandikie uulize: posho ni kiasi gani kwa wiki, nyumba ni ya nani, bima ya matibabu ipo, nani anashughulikia viza, na kuna mwalimu wa sauti au wa kufundisha uhusika peke yake? Ada ndogo ya maombi ni kawaida. Lakini wakitaka wewe ulipe maelfu ya dola ili uimbe, hiyo ni biashara, na usiuze kiwanja cha mtu kwa ajili yake.

Hewa ya ndege ni kavu. Fika siku mbili kabla, na mrija usiusahau kwenye begi la mkononi.